Jumapili ya Kondoo Aliyepotea

Ningemwambia akida hapana. Nimeirudia sentensi hiyo miaka mingi, shambani, kitandani, nikiwa nimepiga magoti kanisani, na kila mara inatoka kwa urahisi kana kwamba haikuhitaji ujasiri wowote. Lakini siku ile nilipokuwa nimekaa kwenye kiti chake cha kamba pale Ifakara, na kikombe cha kahawa mkononi, sikuisema. Aliniomba nilitumie somo la Jumapili kuwatoa watu waliojificha kwenye matete ya bonde, nami nikakubali. Hakunishika shingo. Hakunitisha. Aliniomba kwa adabu, na mimi, kijana niliyesoma, nikamjibu kwa adabu kwamba nitafanya.

Mwezi uliopita tulimzika Semeni huko Lumemo. Kabla mwili haujatolewa nyumbani, wanawe walinijia, watu wazima wenye wajukuu sasa, wakaniomba nisome somo, kwa kuwa mimi ndiye mzee niliyesoma shule kubwa kuliko wenzangu. Niliwaambia macho yangu hayaoni vizuri. Yanaona. Walinisikitikia, wakaniletea kiti kivulini, na mmoja wao akanishika mkono nisijikwae. Nilikaa kwenye kiti kile nikiwa na aibu ambayo hakuna aliyeijua, kwa sababu waliokuwa wakiijua wote wametangulia, na Semeni alikuwa wa mwisho. Ndiyo maana naandika. Nilitokea wapi na kwetu ni nani si kitu hapa. Nitasimulia mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwaka uliofuata Maji Maji. Misheni ilinituma kwenye kitongoji kimoja cha bondeni, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ifakara, niwafundishe watu dini na kusoma. Padre alikuwa akishuka kutoka milimani Mahenge mara chache, na Jumapili nyingine zote nilikuwa peke yangu na kitabu cha Injili. Askari walikuwa wamepita pale kabla yangu. Maghala ya mpunga yalikuwa majivu, na kuta za nyumba nyingi zilikuwa zimesimama bila paa, nyeusi kwa ndani kama vyungu. Wanaume wachache waliobaki walikuwa wazee. Wengine walikufa vitani, wengine walikuwa huko kwenye matete, mahali ambapo mtu asiyezaliwa bondeni akiingia na mtumbwi hatoki. Kila mtu alijua wako huko na hakuna aliyesema.

Nilipangiwa kukaa kwa Mama Ligoha. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa matete. Mimi nililala upande mmoja, yeye na binti yake Semeni upande wa pili, penye jiko. Juu ya moto palikuwa na uchanja wa kukaushia samaki, na moshi wake ulipenya mpaka kwenye blanketi langu, mpaka kwenye kurasa za kitabu. Tulikula tulichopata: ming'oko, mizizi ya mwitu iliyochimbwa porini, mlenda, ugali wa muhogo mchungu uliolowekwa siku nyingi. Baadhi ya asubuhi alikuwepo samaki, perege wawili au kambale mmoja, amefungwa kwa ugomba, ile kamba ya mgomba, pale mtumbwi ulipoegeshwa. Mara ya kwanza niliuliza nani amemleta. Semeni alitazama chini. Mama yake akasema, "Kula, Mwalimu. Samaki haulizwi alikotoka." Baadaye, aliponizoea, aliniambia mwenyewe. Ligoha, mwanawe wa kwanza, alikuwa hai. Wakati wa vita alibeba maji ya dawa nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu kwamba risasi zitageuka maji, na boma la Mahenge lilikuwa likimtafuta kwa jina. Fundo la ugomba ule lilikuwa lake. Hivyo ndivyo mama alivyojua kwamba bado anapumua, na hivyo ndivyo mimi nilivyojua.

Jumapili ya kwanza nilisoma, nikaeleza kama nilivyofundishwa, nikafunga kitabu. Watu hawakuondoka. Tulikuwa tumekaa kwenye magogo chini ya banda la matete lisilo na kuta, na wote walikuwa wakinitazama. Mama Ligoha akauliza, "Sasa kesho tufanye nini?"

"Mkalitafakari neno, mama."

"Tutalitafakari. Tukiwa tunafanya nini?"

Walicheka, nami nikacheka, lakini yeye hakuwa akitania. Kwake mtu akiletewa habari na mjumbe, lazima awe na la kufanya, la sivyo mjumbe ametembea bure. Kwa hiyo ukazuka utaratibu ambao sijauona mahali pengine popote. Kila Jumapili, baada ya Injili, walikubaliana kazi ya neno kwa wiki ile. Jumapili iliyofuata, kabla sijafungua kitabu, mmoja wao alisimama akaeleza neno lilifanya nini. Jambo hilo waliliita kulirudisha neno. Shuleni nilikuwa nimeikariri Injili, nimeifanyia mtihani, nimesifiwa kwayo. Sikuwahi kuiona ikitembea kwa miguu.

Nakumbuka Jumapili ya magugu, wakati wa palizi, ambapo mwenye shamba anawakataza watumishi wasing'oe magugu yaliyoota katikati ya ngano. Mzee Kihali, mvuvi ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mwenye shamba alikuwa na akili timamu?"

"Anayesimulia ni Bwana mwenyewe, mzee."

"Bwana sijamgusa. Nauliza mwenye shamba. Aje hapa aone mpunga mwitu unavyofanya."

Nilieleza kwamba ni mfano, kwamba haihusu palizi. Nilieleza vizuri sana. Mama Ligoha alisikiliza mpaka mwisho, kisha Jumatatu akaacha ukanda mmoja wa shamba lake bila kupalilia. "Nataka kuona," alisema. Nilimwona kama mtoto. Mpunga ulipoanza kukomaa alituita wote. Mpunga mwitu ulikuwa umeshadondosha punje zake matopeni, umesimama wima na masuke matupu, na mpunga wa kweli ulikuwa umeinama kwa uzito. "Ulipokuwa mchanga ulifanana," alisema. "Kila mwaka nimekuwa nikiung'oa wangu mwenyewe bila kujua." Siku hiyo hiyo alichukua kibuyu cha pombe akaenda kumsalimia jirani ambaye wakati wa vita aliwaongoza askari njiani, mtu ambaye kitongoji kizima kilikuwa kikimpita bila neno. Mimi, mwalimu, nilibaki pale kwenye ukanda wa shamba nimeduwaa, miguu ikizama matopeni, nikihisi kwamba nimesomewa somo nililolisoma mwenyewe.

Na Jumapili ya mikate mitano, katikati ya Kwaresima, njaa ilipokuwa kali kuliko wakati wowote. Mzee Kihali alitaka kujua wale samaki wawili walikuwa aina gani. "Kama ni kambale, naamini moja kwa moja. Kama ni perege, hapo kweli pana muujiza." Watu walicheka mpaka wakashika matumbo yaliyokuwa matupu. Lakini walichokichukua hakikuwa muujiza wenyewe. Walichukua yale maneno ya mwisho, kwamba vikusanywe vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Wiki nzima kila nyumba ilikwangua ukoko wa chungu chake, ikauanika juani, ikautia kwenye kikapu kimoja kilichotundikwa bandani. Wapita njia walikuwa wengi mwaka ule, watu wakitoka upande wa Malinyi wakitafuta chakula, miguu yao myembamba kama mipini. Walitafuna ukoko ule wakaendelea na safari. Niliona mwanamke mmoja akiulowanisha kwa maji ya mto akimlisha mtoto wake kidogo kidogo kwa kidole. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia, na sikulia kwa huzuni. Niliogopa, kama mtu anavyoogopa akigundua kwamba kitu alichokuwa akikichezea mkononi ni kaa la moto.

Hofu ile ingebaki moyoni ingenisaidia. Nikaigeuza kuwa majivuno. Maji ya bonde yalipoanza kupungua na mavuno kukaribia, akida aliniita Ifakara. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, mpole wa maneno, aliyewekwa na Wadachi kusimamia kodi na mashamba ya pamba. Alinipa kiti. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kunipa kiti.

"Nasikia watu wako wanakusikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi mwenye askari," alisema.

"Si mimi, bwana akida. Ni neno. Likisomwa Jumapili, Jumatatu linafanywa."

"Neno lolote?"

"Lolote."

Nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha mgongo. Aliniuliza Jumapili inayokuja tutasoma nini. Nikamwambia: mchungaji mwenye kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa akamfuata mmoja aliyepotea. Aliipenda. Aliniomba nimsimulie yote, akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli. Kisha akaweka kikombe chini.

"Huko kwenye matete kuna kondoo wengi, Mwalimu. Serikali imechoka na vita. Mashamba hayana watu. Waambie wakawatafute ndugu zao. Atakayerudi hataguswa, atapewa jembe."

"Hata waliogawa maji?"

Alikinyanyua tena kikombe, akanywa, akakiweka. "Hata hao."

"Niwaambie kwamba ni wewe umeahidi?"

"Wakisikia ni mimi, nani atatoka? Wewe soma neno lako tu."

Mpaka leo sijui kama alinidanganya au na yeye alidanganywa, na jambo hilo nimemwachia Mungu. Lakini kimya kile kidogo, kikombe kilipokwenda mdomoni na kurudi, nilikiona. Nilikiona na nikakubali. Njiani nilijiambia kwamba nawatafutia watu amani. Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa nimempenda Semeni tangu msimu wa mvua, na nilitaka niwe mimi niliyemrudisha kaka yake nyumbani.

Jumapili ile banda lilijaa mpaka watu wakasimama juani. Nilisoma. Niliposimulia jinsi mchungaji anavyombeba kondoo mabegani na kuwaita majirani wafurahi, hata watoto waliacha kucheza. Halafu nikaeleza. Nikasema kazi ya neno kwa wiki hii ni kwenda kuwaleta waliopotea, na kwamba wakirudi hawataguswa. Mama Ligoha alisimama taratibu.

"Hilo la kutoguswa, Mwalimu. Limo humo kitabuni?"

Wote walinitazama. Hakuna aliyejua kusoma ila mimi.

"Limo," nikasema.

Jumatatu alfajiri niliwasikia kupitia ukuta wa matete wakifunga chakula cha safari. Semeni alikuwa akisema, "Mama, ukimkuta utamtambua? Mwaka mzima amekaa na viboko."

"Basi nitamtambua kwa harufu."

"Na yeye akikutambua kwa kelele je, akimbie?"

Walicheka kwa sauti ya chini, kicheko cha watu ambao hawajacheka pamoja siku nyingi. Nilibaki nimelala nikikisikiliza, na bado nilikuwa na nafasi ya kutoka nikasema ukweli. Nilitoka nikasaidia kubeba makafi.

Mitumbwi yote ya kitongoji iliingia majini asubuhi ile. Sijawahi kuona kitu kama kile tena. Wanawake walisimama na pondo za kusukumia mikononi, migongo imenyooka, wakaingia kwenye matete yaliyosimama marefu kuliko paa la kanisa, na kila mmoja alikuwa akiita jina. Majina yalitapakaa juu ya maji, mengine karibu, mengine mbali mpaka yakawa kama sauti za ndege. Nilikuwa kwenye mtumbwi wa Mama Ligoha, nimeshika kingo kwa mikono miwili. "Mwalimu anasoma kila siku habari za bahari ya Galilaya," Semeni alisema akisukuma pondo, "na haka kamto kanamtapisha." Tulizunguka siku ile na iliyofuata. Tulimkuta kwenye kichuguu kilichobaki juu ya maji, ndani ya kibanda cha matete kisichozidi kimo cha kiuno. Alikuwa na homa. Mama yake aliingia majini mpaka kifuani, akamfikia. Alimgeuzia mgongo, akamvuta mikono yake miwili juu ya mabega yake, akamwinua. Mwanamume mzima, mwanamke wa makamo, maji kifuani. Nilimwona akija kuelekea kwetu hatua kwa hatua, kichwa cha mwanawe kimelala shingoni kwake, na nikajua kwamba ninakiona kile nilichokisoma, chenyewe, bila mfano. Nilipiga ishara ya msalaba. Sijui nilikuwa nikiomba nini.

Kabla wiki haijaisha wengi walikuwa wamerudi, wamekonda, ngozi zimechunwa na maji. Mama Ligoha aliwaita majirani, kama ilivyosomwa. Palipikwa wali wa mpunga mpya, wa kwanza tangu vita, na perege wa kukaanga. Mzee Kihali alimkagua Ligoha juu mpaka chini akasema hata mamba walimwona wakamhurumia. Ligoha alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alikula polepole, na alipomaliza tonge la tatu alinigeukia.

"Wewe ndiye uliyesema sitaguswa?"

"Neno ndilo limesema, ndugu yangu."

"Basi nalishukuru neno."

Askari walifika mchana kweupe, sinia bado zikiwa chini. Hawakupiga risasi hata moja. Waliita majina wakawafunga waliotajwa. Wengine walipelekwa kubeba mizigo na kuchimba barabara, na baadhi yao walirudi baadaye. Ligoha alifungwa kamba shingoni akapelekwa Mahenge. Mama yake alimfuata mpaka mtoni, na askari mmoja akamzuia kwa kitako cha bunduki, bila kumpiga, kama mtu anayefunga mlango. Mimi nilisimama na tonge la wali mkononi. Nilimwambia mkubwa wao kwamba akida ameahidi. Alinitazama kama mtu aliyesikia mbwa akibweka.

Jumapili ilifika. Nilidhani banda litakuwa tupu, na nilitamani liwe tupu. Walikuja wote. Kabla sijafungua kitabu, Mama Ligoha alisimama kulirudisha neno, kwa kuwa ilikuwa zamu yake.

"Tuliambiwa tumtafute aliyepotea," alisema. "Nilikwenda. Nilimpata. Nilimbeba mabegani. Niliwaita majirani wafurahi. Yote niliyafanya kama yalivyosomwa." Akanigeukia. "Mwalimu, nisomee tena."

Nilifungua ukurasa. Ningeweza kuongeza sentensi ile ile tena, na hakuna ambaye angeweza kunipinga. Nilisoma yaliyoandikwa, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Umefika mwisho?"

"Nimefika, mama."

"Ile ya kutoguswa?"

"Haimo."

Mzee Kihali alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Semeni alijifunika uso kwa kanga. Nilisubiri wanipige, na ninaapa kwamba ningewashukuru. Mama Ligoha alikaa, akaweka mikono magotini.

"Soma la leo," alisema. "Hawa watu wamekuja kusikia neno."

Nilisoma habari za wavuvi waliohangaika bila kupata kitu wakaambiwa watupe nyavu tena. Nilipomaliza waligeuziana nyuso, wakakubaliana wao kwa wao kazi ya wiki ile: kuwashonea nyavu wajane ambao zao ziliungua. Hawakuniuliza. Nilikaa pembeni ya watu wale wasiojua herufi moja, na nikaona kwamba walikuwa wamelichukua neno kutoka kinywani mwangu likiwa zima, wakakiacha kinywa. Katika maisha yangu sijawahi kuwa karibu zaidi na Mungu kuliko asubuhi ile, wala kujua vizuri zaidi kwamba niko nje.

Ligoha alinyongwa Mahenge kabla mpunga wote haujavunwa. Habari ilipofika, Mama Ligoha alikata nywele, akaomboleza siku zake, kisha akarudi bandani. Alibatizwa mwaka uliofuata. Alimwomba mwalimu mwingine amfundishe zile sala za mwisho kabla ya ubatizo.

Niliiambia misheni kila kitu, nikaomba niondolewe, wakaniondoa. Nilifanya kazi ya kupima pamba, kisha nikalima. Semeni aliolewa na mtu wa Lumemo. Kwa zaidi ya miaka hamsini alinisalimia kila tulipokutana kanisani, "Habari za leo, Mwalimu," akapita bila kusubiri jibu.

Ligoha alipoteza uhai wake, na mama yake alipoteza mwanawe aliyembeba mabegani. Mimi nilimpoteza Semeni, nyumba iliyonipokea kama mtoto wake, na kazi pekee niliyowahi kuipenda. Tangu Jumapili ile sijasoma Injili mbele ya mtu yeyote. Naisoma peke yangu, kwa sauti ya chini, na sijawahi kupata mtu wa kuniuliza kesho tufanye nini.